Simu ya Pili: Jinsi Mwanamuziki wa Jazi Anavyojijengea Njia

Mwanamuziki wa jazi anayechipukia hana ngazi ya vyeo ya kupanda kama mtumishi wa ofisini. Hakuna barua ya kupandishwa daraja, wala siku maalumu ambayo mtu hutangazwa kuwa amefuzu. Mtaji wake ni wanamuziki wenzake ambao, wakipungukiwa na mpiga besi au mpiga saksofoni saa chache kabla ya onyesho, jina lake ndilo linalowajia kwanza. Simu ya kwanza inaweza kuja kwa bahati tu, kwa sababu mtu mwingine ameugua au amesafiri. Simu ya pili haiji kwa bahati. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya simu ya pili ije, tangu siku za kujifunza peke yako chumbani hadi siku ambayo wewe ndiye utakayekuwa unapiga simu hizo.

Sikio kabla ya vidole

Jazi ni muziki wa kubuni papo kwa papo, lakini ubunifu huo hauchotwi hewani. Anayepiga solo, yaani zamu yake ya kubuni wengine wakimsindikiza, anazungumza lugha iliyozungumzwa na wengine kabla yake, na lugha haifahamiki kwa kukariri sarufi peke yake. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya anayeanza ni kunakili solo za wakongwe kwa sikio: asitafute nota zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine, bali asikilize, aimbe, kisha ndipo atafute kwenye chombo chake.

Chagua solo moja fupi ya mpigaji unayempenda. Solo za enzi za santuri za mizunguko 78 kwa dakika zinafaa sana, kwa sababu upande mmoja wa sahani ulibeba takriban dakika tatu tu, na mpigaji alilazimika kusema lake ndani ya vipimo 16 au 32 (kipimo ni fungu dogo la mapigo, mara nyingi manne) kisha anyamaze. Sikiliza vipimo vinne vya mwanzo mpaka uweze kuviimba bila rekodi, pamoja na mahali anapovuta pumzi na mahali anapojichelewesha kidogo nyuma ya pigo. Usiguse chombo kabla ya hapo. Ukishaweza kuviimba, vitafute polepole kwenye chombo, kisha uvipige sambamba na rekodi mpaka sauti yako na yake zikae pamoja kama sauti moja. Uandishi wa nota uje mwisho, kama kumbukumbu tu. Solo moja iliyofanyiwa kazi namna hii kwa miezi miwili ina faida kuliko solo 20 zilizosomwa karatasini. Nayasema haya nikijua wapo walimu wasiokubaliana nami.

Baada ya hapo, toa kifungu kimoja cha vipimo viwili ndani ya solo hiyo na ukihamishe katika funguo zote 12, yaani ukianzishe juu ya kila moja ya nota 12 za msingi. Zoezi hili linachosha, na ndilo linalowatenganisha watu. Anayekijua kifungu chake katika ufunguo mmoja ana mapambo mazuri. Anayekijua katika funguo 12 ana neno analoweza kulitumia katika sentensi yoyote.

Mdundo nao una zoezi lake. Wengi wanaoanza huitegesha metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, igonge mapigo yote manne ya kipimo, na matokeo yake ni kwamba metronomu ndiyo inayoshika mwendo, wao wakiifuata tu. Itegeshe kwenye mapigo 60 kwa dakika, kisha kila inapogonga uhesabu kwamba hilo ni pigo la pili au la nne. Wimbo utakuwa unakwenda kwa mapigo 120, na pigo la kwanza na la tatu utalazimika kuyatoa mwenyewe. Siku za mwanzo utateleza kila baada ya vipimo vichache. Ukishatulia, ipunguze igonge pigo la nne peke yake, yaani mara 30 kwa dakika, na hapo ndipo utakapoujua ukweli kuhusu mwendo wako.

Charlie Parker, aliyekuja kubadili kabisa namna ya kupiga saksofoni, alianza kwa aibu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, mjini Kansas City, akiwa hajafikisha miaka 17, alipanda jukwaani na wapigaji waliomzidi mbali, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga ngoma Jo Jones akalitupa toazi sakafuni karibu na miguu yake ili ashuke. Kiangazi cha mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi katika milima ya Ozark akiwa amebeba santuri zenye solo za mpiga saksofoni Lester Young, akazinakili hadi zikamkaa vidoleni. Aliporudi mjini, waliomcheka walisikia mtu mwingine.

Nyimbo za kubeba kichwani

Ukiitwa kazini, mara nyingi hapatakuwa na mazoezi. Kiongozi atataja jina la wimbo na ufunguo, atahesabia, na mtakuwa mmeshaingia. Kwa hiyo unahitaji hazina ya nyimbo ulizozihifadhi, melodia pamoja na kodi zake (kodi za muziki, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile zinazokusanywa na serikali, ingawa hizo nazo tutazifikia).

Anza na bluzi yenye vipimo 12, katika funguo za F na B-flati ambazo wapigaji wa tarumbeta na saksofoni huzizoea mapema. Kisha jifunze mfuatano wa kodi uliotokana na wimbo wa George Gershwin wa mwaka 1930, "I Got Rhythm", ambao wanajazi huupiga kwa vipimo 32 vilivyogawanywa katika sehemu nne, tatu zikifanana na moja ya kati ikitofautiana, kwa sababu nyimbo nyingi za miaka ya 1940 zilijengwa juu ya mifupa hiyo hiyo. Ongeza wimbo wa polepole, wimbo wa bosa nova ya Brazili, wimbo wa mapigo matatu na wimbo wa kasi. Nyimbo 30 zinatosha kukuingiza mlangoni. Ukifika 100 utaanza kulala usingizi wa amani siku moja kabla ya onyesho. Hata hivyo usiseme unaujua wimbo mpaka uweze kuiimba melodia yake, uijue njia ya besi yake, na uweze kuuhamishia ufunguo mwingine pale mwimbaji atakapokuambia kwamba usiku huo sauti yake haipandi.

Jifunze na maneno ya wimbo, hata kama wewe si mwimbaji. Mpiga saksofoni Dexter Gordon alikuwa na desturi ya kuyasema maneno ya wimbo wa polepole mbele ya hadhira kabla ya kuupiga, na ukimsikiliza unatambua kwamba kila nota yake inajua ni silabi gani inayoibeba. Programu za simu zinazoonyesha kodi zimekuwa nyingi, nami sizikatai, ila mtu aliyeinamia skrini haoni wenzake wanapompa ishara.

Usiku wa jamu

Jamu ni kikao cha wazi ambamo wanamuziki wasiopiga pamoja kila siku hukutana jukwaani. Ni mahali pa kujifunza na pia pa kupimwa, na imekuwa hivyo tangu zamani. Katika ukumbi wa Minton's Playhouse, mtaa wa Harlem jijini New York, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Thelonious Monk alikuwa kwenye piano na Kenny Clarke kwenye ngoma, na wenyeji walizoea kubadili kodi za nyimbo zilizojulikana hata mgeni asiyejiandaa akajikuta hana pa kukanyaga. Huko ndiko mtindo wa bibopu ulikopikwa.

Mara ya kwanza nenda bila nia ya kupiga. Kaa, usikilize, uone nani anaongoza, nyimbo gani zinapendwa, na watu wanapandaje jukwaani. Mara ya pili msalimie kiongozi wa bendi ya wenyeji, umwambie jina lako na chombo chako, kisha usubiri uitwe. Ukiulizwa unataka kupiga nini, usitaje wimbo mgumu ili uonekane. Taja ule ambao wote waliopo wanaujua na wewe unaujua kuliko wote.

Ukiwa jukwaani, macho yako yana kazi kama masikio. Kiongozi akigusa kichwa chake, maana yake ni kwamba solo zimekwisha na mnarudi kwenye melodia. Akionyesha vidole vitatu vilivyoelekea chini, anataja ufunguo wenye flati tatu (nota zilizoshushwa nusu hatua), yaani E-flati. Vikielekea juu, anahesabu shapu, yaani nota zilizopandishwa nusu hatua. Akiinua vidole vinne baada ya solo, jiandae kupokezana na mpiga ngoma vipimo vinne vinne, na wakati wa zamu yake endelea kuhesabu hata kama anakuvuruga kwa makusudi. Piga solo ya mizunguko miwili, yaani upitie wimbo mzima mara mbili, umalize, usogee pembeni. Mtu anayepiga mizunguko tisa huku wenzake saba wakisubiri zamu hukumbukwa, lakini kwa namna asiyoitaka.

Kujazia nafasi ya mtu

Kazi za mwanzo zenye malipo karibu zote huwa za kujazia nafasi. Anayekuita hana muda wa kukufundisha. Ana pengo, na anataka liwe limezibwa kabla hadhira haijaingia. Mjibu mapema, hata kama jibu ni hapana, kwa sababu hapana ya haraka inamsaidia kuliko ndiyo inayokuja kesho yake. Ukikubali, uliza mambo yote kwa mara moja: saa ya kupima sauti, saa ya kuanza, mavazi, malipo na siku ya kulipwa, orodha ya nyimbo, na kama kuna rekodi ya bendi unayoweza kuisikiliza usiku huo. Fika mapema kiasi kwamba hakuna atakayekupigia kukuuliza umefika wapi. Beba nyuzi za ziada, penseli, taa ndogo ya kusomea nota na vibanio vya nguo, maana katika onyesho la uwanjani upepo hauheshimu karatasi za mtu.

Katika kupiga kwenyewe, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya usiku si solo yako. Mpiga piano na mpiga gitaa wakijaza kodi kwa wakati mmoja bila kusikilizana, muziki hugeuka uji. Mmoja wao aliye na busara huacha mikono yake ipumzike mzunguko mzima. Mpiga ngoma anayeshusha sauti solo ya besi inapoanza huitwa tena, na mara nyingi aliyemwita hawezi hata kueleza kwa nini alimpenda.

Mimi nilianza na besi, na nililijua somo hili kwa njia mbaya. Usiku mmoja niliitwa kujazia nafasi katika bendi iliyoongozwa na mzee mmoja wa piano. Mwimbaji akaomba wimbo niliodhani naujua, katika ufunguo ambao sikuwahi kuupigia wimbo huo. Sehemu ya kwanza ilipita salama. Tulipoingia sehemu ya kati nikapotea, na badala ya kutulia nikaongeza nota, nikitumaini kwamba katika wingi huo moja au mbili zingekuwa sahihi. Nilimwona mwimbaji akigeuza shingo taratibu kutazama nyuma. Mpiga ngoma akaanza kugonga pigo la kwanza kwa nguvu ili nilione, na mzee akawa anapiga nota za besi kwa mkono wa kushoto, kazi ambayo ilikuwa yangu. Baada ya onyesho alinilipa fedha zote tulizokubaliana, akasema, "Kijana, ukipotea punguza nota, usiongeze." Hakuniambia tutaonana.

Ushauri huo ni wa kiufundi kabisa. Aliyepotea akipiga nota moja kwa kila kipimo, au akinyamaza kwa vipimo viwili, anayapa masikio yake nafasi ya kuusikia mpaka unaofuata wa wimbo: mwishoni mwa kila vipimo vinane mpiga ngoma hujaza kidogo, na mwanzoni mwa sehemu mpya mpiga piano hutua kwenye kodi iliyo wazi. Hapo ndipo pa kuingilia.

Wanamuziki wengi wakubwa walisomea ndani ya bendi za watu wengine. Kundi la Jazz Messengers la mpiga ngoma Art Blakey lilipitiwa na Lee Morgan, Wayne Shorter, Freddie Hubbard na, miongo miwili baadaye, Wynton Marsalis. Wengi wao waliingia wakiwa vijana na kutoka wakiwa viongozi. Mpiga tarumbeta Miles Davis alimchukua mpiga ngoma Tony Williams mwaka 1963 akiwa na miaka 17. Davis huyo huyo alimwachisha kazi mpiga saksofoni John Coltrane mwaka 1957, wakati heroini ilikuwa imemharibia kazi. Coltrane akaacha dawa hizo mwaka ule ule, akapiga kwa miezi kadhaa na Monk katika ukumbi wa Five Spot, na mwanzoni mwa mwaka 1958 Davis alikuwa amekwisha kumrudisha. Kwa hiyo hata aliyefukuzwa anaweza kuitwa tena, mradi kile kilichomfukuzisha kiwe kimekwisha kweli.

Kuhusu shule

Chuo si lazima, na si kupoteza muda pia. Berklee ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 1945, ilimpokea Mulatu Astatke kutoka Ethiopia, naye akatoka na mawazo yaliyozaa jazi ya Kiethiopia; Miles Davis alikwenda New York mwaka 1944 kusoma katika chuo cha muziki cha Juilliard, na mchana akiwa darasani, usiku alikuwa akimtafuta Parker kwenye kumbi, mpaka akaamua kumfuata moja kwa moja. Thamani kubwa ya chuo ni wale wanafunzi wenzako, ambao baada ya miaka mitano ndio watakaokuwa na bendi na orodha za simu. Ukiweza kuwapata watu hao bila kujitwisha deni litakalokulazimisha kukataa kazi ndogo za mwanzo, usione haya kutokwenda.

Kuwa na bendi yako

Itafika siku ambayo utachoka kusubiri kuitwa. Usiharakishe siku hiyo, lakini ikifika usiiogope. Anza na watu watatu au wanne. Bendi ya watu wanane inapendeza kwenye picha na inakufilisi kwenye usafiri. Chagua wapigaji wanaokuzidi katika jambo fulani, kisha tunga nyimbo zinazowafaa wao kwa majina yao: kama mpiga besi wako ana sauti nene inayodumu, mpe melodia, kama mpiga ngoma wako anapendeza zaidi anapopiga kwa brashi, tunga kitu kisichohitaji fimbo.

Kitu cha thamani kuliko onyesho moja kubwa ni usiku mmoja wa kudumu katika ukumbi mdogo, kila wiki au kila mwezi, hata kama malipo ni kidogo. Wimbo uliopigwa mara 20 mbele ya watu hubadilika kwa namna ambayo chumba cha mazoezi hakiwezi kuubadilisha. Utagundua kwamba utangulizi wake ni mrefu mno, kwamba solo ya pili haihitajiki, kwamba watu huacha kuzungumza mahali usipopatarajia. Yaandike hayo usiku huo huo.

Na sauti yako mwenyewe? Swali hili huwasumbua vijana kupita kiasi. Haitafutwi kwa kukaa na kuitafuta. Hujitokeza katika yale unayoendelea kuyapenda baada ya kunakili wengi, na katika yale unayoshindwa kuyafanya kama wao. Yupo lakini aliyejitenga kwa makusudi: mpiga saksofoni Sonny Rollins, akiwa tayari na jina kubwa, aliacha maonyesho mwaka 1959 na kwa takriban miaka miwili akawa anafanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg jijini New York, kwa sababu hakuridhika na kile alichosifiwa nacho. Ngoma ivumayo haikawii kupasuka, na huenda yeye alisikia ngozi ikianza kulegea kabla wengine hawajasikia.

Kurekodi, na karatasi zinazofuatana nako

Kabla ya albamu, uwe na video mbili au tatu za onyesho halisi, zenye sauti safi, zisizozidi dakika tano kila moja. Mwenye ukumbi hasikilizi albamu nzima; anataka kuona kama bendi inaweza kusimama mbele ya watu.

Ukiingia studio, ingia na nyimbo zilizokwisha kupigwa jukwaani. Watu hupenda kutaja kwamba albamu ya Miles Davis "Kind of Blue" ilirekodiwa katika vikao vya siku mbili tu za mwaka 1959, tena baadhi ya wapigaji wakiiona miziki hiyo kwa mara ya kwanza. Ni kweli, lakini watu hao walikuwa wamepiga usiku kwa usiku kwa miaka. Kwa bendi changa ni salama kupanga nyimbo tatu au nne kwa siku, kurekodi kila wimbo mara mbili au tatu, na kwenda mbele. Mara ya saba kwa kawaida huwa safi na imekufa.

Sasa karatasi. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili tofauti: haki ya utungo, yaani melodia na maneno, na haki ya rekodi yenyewe. Ya kwanza ni ya mtunzi, ya pili kwa kawaida ni ya aliyegharimia kurekodi, na kila moja ina mrabaha wake, yaani malipo yanayotolewa inapotumiwa. Kabla hamjatoka studio, andikeni kwenye karatasi moja nani alitunga nini na kwa asilimia ngapi, kila mtu atie sahihi. Urafiki hauharibiwi na karatasi hiyo. Huharibiwa na kukosekana kwake wimbo unapoanza kuingiza fedha. Andikisha tungo zako kwenye chama au taasisi inayokusanya mirabaha katika nchi yako, na hakikisha kila rekodi imepewa namba yake ya ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12, ili inapochezwa malipo yajue yaende wapi.

Mpiga piano Herbie Hancock alipoalikwa na kampuni ya Blue Note kurekodi albamu yake ya kwanza mwaka 1962, mpiga tarumbeta Donald Byrd, aliyekuwa amemtangulia katika kazi hii, alimshauri asiachie haki ya uchapishaji wa nyimbo zake, iliyo sehemu ya ile haki ya utungo. Kijana akashikilia msimamo huo. Mpiga ngoma Mongo Santamaría akaurekodi upya mmoja wa nyimbo hizo, "Watermelon Man", na mwaka uliofuata ukaingia katika kumi bora za Marekani, na mtunzi akavuna alichopanda. Kizazi cha Parker nacho kilikuwa na ujanja wake: kwa kuwa melodia hulindwa na hakimiliki lakini mfuatano wa kodi kwa kawaida haulindwi, walitunga melodia mpya juu ya kodi za nyimbo maarufu, na mrabaha wa utunzi ukawa wao.

Fedha

Wachache sana katika jazi huishi kwa maonyesho ya jazi peke yake, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Mapato ya mwanamuziki anayechipukia hukusanywa huku na huku: kujazia nafasi, kufundisha, kurekodi kwa ajili ya wengine, kupiga kwenye hafla ambazo wageni wanakula na hawasikilizi. Kufundisha kuna faida ya ziada, kwa kuwa huwezi kumweleza mwanafunzi jambo ambalo wewe mwenyewe unalifanya kwa mazoea bila kulielewa. Jihadhari tu ratiba ya wiki isijae hata usibaki na saa mbili za mazoezi kila siku. Zikishapotea hizo, kile unachokiuza kinaanza kuisha ghalani.

Kwa kazi unayoipanga mwenyewe, andika makubaliano hata ya nusu ukurasa: tarehe, muda wa kupiga, malipo, malipo ya awali, nani analeta vyombo vya sauti, na kitakachotokea onyesho likiahirishwa. Wapigaji wako walipe usiku ule ule, hata kama wewe utalipwa baada ya mwezi. Weka kumbukumbu ya kila kinachoingia na kutoka, kwa sababu kodi ile nyingine, ya serikali, haihamishiki ufunguo.

Matamasha makubwa, kama Newport lililoanza mwaka 1954 au Montreux lililoanza mwaka 1967, hupanga ratiba miezi mingi kabla, kwa hiyo anayeomba nafasi mwezi mmoja kabla amekwisha kuchelewa. Elekeza nguvu kwanza kwa matamasha madogo. Tuma ujumbe mfupi wenye video moja, maelezo yako kwa aya moja, picha inayoweza kuchapishwa na orodha ya mahitaji ya jukwaani. Mashindano nayo yana mahali pake: mpiga saksofoni Joshua Redman alikuwa amekubaliwa kusomea sheria katika chuo kikuu cha Yale mwaka 1991 aliposhinda shindano la taasisi iliyoitwa kwa jina la Thelonious Monk, na hakwenda tena kusoma sheria. Lakini ushindi hufungua mlango ambao ni lazima uwe na kitu cha kuingia nacho, na wengi wa walioshindwa usiku ule ule waliendelea kupata kazi kama kawaida.

Masikio na miaka

Chombo usichoweza kukinunua tena ni sikio. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni kwamba sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 94 ni saa moja, na kwenye 100 ni dakika 15. Anayesimama karibu na matoazi usiku hadi usiku anaweza kuuvuka mpaka huo bila kuhisi chochote. Nunua vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa uwiano, na uvizoee kwenye mazoezi kabla ya kuvipeleka jukwaani. Vidole, mgongo na midomo navyo vikianza kuuma, pumzika siku hiyo hiyo.

Weka pia daftari la kazi: tarehe, waliokuwepo, nyimbo zilizopigwa, na wimbo uliokushinda. Kesho yake asubuhi anza mazoezi na huo uliokushinda. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuonyesha nani amekuita zaidi ya mara moja, na hao ndio wa kuwatafuta utakapopata kazi yako mwenyewe.

Katika daftari langu, ule wimbo wa mwimbaji yule umeandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake nimeziorodhesha funguo 12, kila moja ikiwa na tarehe niliyoimaliza. Ilinichukua majuma saba. Miezi minane baada ya usiku ule mzee wa piano alinipigia simu. Mpiga besi wake alikuwa amesafiri. Hakuanza na salamu ndefu. Aliniuliza, "Kijana, ile sehemu ya kati umeshaijua?" Nikamjibu kwamba naijua, katika ufunguo wowote atakaoutaja. Akacheka kidogo, akanitajia saa ya kupima sauti.